Bilauri Tatu za Lukwale

“Hivi Mwantumu, huu mchicha umeutia chumvi mara ngapi?”

Somoe aliuliza hivyo mchana mmoja, wiki mbili baada ya masika kuanza, ameketi kwenye mkeka wa jirani yake na tonge bado liko mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mtu wa utani, na miaka ishirini ya kupakana ua ilimpa ruhusa ya kusema lolote juu ya chakula cha mwenzake. Lakini Mwantumu alishtuka, kwa sababu mchicha ule hakuutia chumvi hata chembe. Somoe alikuwa mgonjwa wa figo. Daktari alimkataza chumvi kabisa, akampimia hata maji ya kunywa: nusu lita kwa siku, basi. Kila alipokuja kula, Mwantumu alimpikia kwenye sufuria yake mbali. Siku ile maji matamu aliyomwekea kwa kumpikia yalikuwa yamekwisha ndani, akapikia ya mto.

“Sikutia,” alisema Mwantumu.

“Basi vidole vyako ndivyo vyenye chumvi,” Somoe akajibu, akacheka, akausogeza mchicha pembeni na kuendelea na muhogo wake wa kuchoma.

Mwantumu akauvuta ule mchicha akauonja. Ulikuwa umepooza. Akaonja tena, macho ameyafumba, akautafuna taratibu jinsi alivyofundishwa kazini. Haukuwa na chumvi. Aliumaliza wote, bila njaa, akitafuta kwenye kila tonge kile ambacho mwenzake alikipata kwenye tonge la kwanza.

Kwa mtu mwingine jambo lile lingeishia hapo, pamoja na vyombo kuoshwa. Lakini ulimi wa Mwantumu haukuwa wake peke yake. Ulikuwa ulimi wa lango.

*

Kijumba cha lango kilisimama ukingoni mwa Mto Lukwale, mwendo mfupi juu ya kijiji chao cha Nyamwimbe. Nyuma yake kulikuwa na mabwawa saba yaliyotandikwa plastiki nyeusi, na ndani ya mabwawa kulikuwa na makapi. Ndivyo watu walivyoyaita. Kiwanda kilivuta maji ya chumvi kutoka visima virefu, kikayachuja, yale matamu yakaenda mjini kwa bomba, na yale makali yaliyobaki yakamwagwa mabwawani yangoje mto ujae. Mto ukiwa mdogo, lango halifunguliwi hata kwa amri ya nani. Ukijaa, makapi hutolewa kwa kipimo, maji mengi yayameze, yafike baharini bila kumdhuru mtu njiani.

Kwa ajili ya kipimo hicho mto ulikuwa umekatwa mafungu. Maji yote yaliyopita langoni tangu alfajiri hadi alfajiri yalikuwa fungu moja, lenye namba yake, na namba hiyo iliyafuata mpaka vijiji vya chini, kule kwenye mpunga. Chini ya maji zililazwa nyuzi za kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, zikisoma mwendo wa mto na chumvi yake kila dakika. Fungu lililobeba zaidi ya gramu moja ya chumvi kwa lita halikuruhusiwa kuongezewa kitu.

Zamani nyuzi zilifanya kazi peke yake. Kisha ukaja mwaka ambao tarakimu zake zilichezewa na mtu asiyejulikana mpaka leo, mpunga wa vijiji vya chini ukaungua wote, na watu wakaapa kwamba hawataiamini tena hesabu isiyopita kwenye mwili wa binadamu. Ikatungwa sheria. Lango halifunguki mpaka ulimi wa mtu ukubali.

Kesho yake asubuhi Mwantumu alivua viatu, akanawa mkono, akaipokea punje kwenye kisosi cheupe. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Aliiweka chini ya ulimi, ikajishika yenyewe. Punje ilichukua hisia ya ulimi na kuipeleka kwenye taa ya lango kabla mdomo haujapata nafasi ya kusema kitu, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kudanganya. Mbele yake zilipangwa bilauri tatu. Ya kwanza ilikuwa maji ya juu ya lango, ya pili maji ya chini ya lango, na ya tatu maji yaliyochanganywa na makapi kwa kipimo cha fungu la siku ile, ili ulimi uonje leo kile ambacho watu wa chini watakunywa kesho. Zote zilimezwa hadi tone la mwisho. Waonjaji wa mwanzo waliwahi kutema, wakaja kugundulika kwamba walikuwa hawaonji kitu.

Alisema bismillahi, akanywa. Ya kwanza, taa ya lango ikakaa kijani. Ya pili, kijani. Ya tatu, kijani.

“Asante, mama,” alisema Injinia Lusajo, kijana wa watu wa nyanda za juu aliyehamishiwa pale mwezi uliopita. Alikuwa na adabu na daftari. Akazungusha ufunguo wake, na chini ya sakafu lango likaguna.

Mwantumu alimwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, nini hutokea siku nyuzi na ulimi visipoelewana.

Lusajo alifurahi kuulizwa. Alimweleza kwamba hilo lilifikiriwa tangu zamani: sheria inaamini ulimi kuliko nyuzi, kwa hiyo vikitofautiana, nyuzi ndizo zinazosogezwa zifuate ulimi. Mashine inafanya hivyo yenyewe, mara moja tofauti ikiwa kubwa, kidogo kidogo ikiwa ndogo, kila asubuhi.

“Kila asubuhi,” Mwantumu akarudia.

“Ndiyo, mama. Nyuzi hizi ni kama wanafunzi wako. Unachosema wewe ndicho wanachoandika.”

Aliondoka pale. Darasa la saba lilimtosha kuelewa alichoambiwa.

*

Afisi ya Mto ilimpa mwonjaji madumu mawili ya maji matamu kila Ijumaa, yaliyotolewa kwenye bomba lile lile la mjini. Bomba lilipita nyuma ya nyumba za Nyamwimbe, nene kama kiuno cha mtu mzima, lakini halikuwa na koki hata moja kwa ajili ya kijiji. Karatasi ya kazi ilisema mwonjaji asinywe wala kupikia maji mengine. Haikusema kwa nini. Miaka minne iliyopita, siku ya kuapa, Mwantumu aliisoma na kudhani ni heshima tu ya kazi, kama vile dereva wa mkubwa anavyopewa sare.

Mwezi ule ule wa kwanza, miguu ya Somoe ilivimba. Mwantumu alirudi kutoka swala ya Ijumaa akakuta madumu yake mawili mlangoni, akasikia jirani yake anakohoa upande wa pili wa ua, na maji yale yakamshinda kunywa. Yeye alikuwa mjane mzima wa afya. Wenzake wote walikunywa Lukwale, watoto walikunywa Lukwale, yeye awe nani. Akaweka nadhiri kimya kimya: madumu yatapita kwenye mwanya wa ua kwenda kwa Somoe, na yeye atakunywa wanachokunywa watu. Alimwambia Somoe kwamba Afisi inampa zaidi ya anayoyahitaji, yanabaki. Hakumwambia mtu mwingine, maana sadaka ikishatajwa imeliwa nusu.

Sasa alikaa barazani akiyafikiri hayo, na jiko la jua likichemka mbele yake. Wakati wa mafunzo walionyeshwa jambo moja rahisi: lita kumi za maji yaliyofika mpakani mwa sheria, zikikaushwa, huacha chumvi ya vijiko viwili vya chai. Alichota lita kumi chini ya lango, akazichemsha kutwa nzima, akaongeza kidogo kidogo sufuria ilipopungua. Alasiri alikwangua.

Vijiko vinne na nusu.

Alidhani sufuria ilikuwa na masalia. Siku ya pili akaisugua kwa majivu na mchanga, akaanza upya. Vikawa vinne na nusu, na cha tano kikakaribia kujaa.

Hakulia. Aliifunga chumvi ile kwenye kipande cha khanga, akakaa akiitazama. Miaka minne mto ulimzoesha kidogo kidogo, naye akazizoesha nyuzi kidogo kidogo, na wote kwa pamoja, ulimi na kioo, walikuwa wakisema tamu, tamu, tamu. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyepewa kitu. Kama angekunywa madumu yake mwenyewe, kwa choyo, mpunga wa watu ungekuwa hai.

*

Mtulia, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa shahidi wa vijiji vya chini. Alipanda Nyamwimbe kila mwisho wa wiki kuketi kwenye benchi la lango. Safari hii alikuja na fungu la miche ya mpunga, akaiweka miguuni pa shemeji yake bila kuketi. Ncha zote zilikuwa nyeupe, zimekauka kama zimepitiwa na moto.

“Ndio mwaka wa tatu huu, shemeji,” alisema. “Wa chini kabisa wameanza kuhama. Afisi inatuambia mbegu ndiyo mbaya.”

Mwantumu alimkaribisha, akampa maji ya kunawa, akamngoja apumzike. Halafu akamwambia yote. Alimweleza mchicha, nyuzi, sufuria, vijiko. Alifungua khanga akamwonyesha chumvi. Jambo moja tu alilibakiza, jina la aliyekunywa madumu.

Mtulia alivunja muche mmoja vipande vipande. Kwa miaka mitatu alikuwa ameketi kwenye benchi lile, akimtazama mke wa kaka yake anameza bilauri tatu, na moyo ukimtulia.

“Utasema?” aliuliza mwishowe.

“Jumatatu, mbele ya watu.”

“Unajua ukisema inakuwaje. Ulimi ukiharibika, lango linaachiwa nyuzi peke yake mpaka apatikane mwingine. Na mwingine ni miaka mitatu ya kumlea kwa maji matamu. Nyuzi zenyewe ndizo hizo ulizozifundisha wewe. Miaka mitatu, shemeji. Hakutakuwa na mtu wa kumhamisha huko chini, watakuwa wamekwisha.”

“Najua.”

Mtulia alitoa kijitabu cha sheria mfukoni, kimechakaa, akakifungua mahali palipokunjwa. Mtulia hakuwa msomi sana lakini kijitabu kile alikuwa amekihifadhi karibu chote. Kifungu cha tisa kilisema hivi: mwonjaji akishindwa, yeyote mkazi wa kijiji cha lango ambaye kinywa chake kimekaa miaka mitatu kwa maji matamu anaweza kuchukua punje siku hiyo hiyo, na neno lake litahesabiwa.

Alimtazama shemeji yake usoni.

“Madumu yako kayanywa mtu. Miaka minne. Ni nani huyo?”

Mwantumu akaanza kuifunga chumvi.

“Kuna mtu hapa Nyamwimbe ana ulimi mzima,” Mtulia alisema, sauti imeshuka. “Wewe mwenyewe umemlea bila kujua. Nyuzi zitamfuata yeye, zitarudi kwenye haki. Hatuhitaji kungoja hata siku moja. Nitajie.”

“Ni mgonjwa.”

“Kuonja hakuhitaji nguvu.”

“Ni mgonjwa wa figo, shemeji. Maji yenyewe anakunywa kwa kupimiwa. Bilauri tatu kila asubuhi, mbili kati yake za chumvi. Si kuonja huko. Ni kumzika kwa kijiko.”

Mtulia aliinua ule muche uliokatika. Kaya elfu moja na mia moja, alimkumbusha, na kila kaya ina watoto, na watoto nao wana figo. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Mwantumu zaidi, kwamba hakuwa na neno la uongo hata moja.

“Nilimpa kwa ajili ya Mungu,” Mwantumu alisema. “Siwezi leo kumshika mkono nimpeleke akalipe.”

“Kwa hiyo tulipe sisi.”

Mwadhini alikuwa ameanza kuadhini adhuhuri, na Mwantumu akatumia hilo kunyanyuka. Alikaa kwenye msala zaidi ya kawaida yake. Aliomba aonyeshwe, na alipotoa salamu kulia na kushoto alikuwa bado hajaonyeshwa kitu.

*

Jumapili asubuhi alipita kwenye mwanya wa ua. Somoe alikuwa chini ya kivuli cha paa, anasuka ukili wa jamvi, miguu ameinyoosha mbele yake juu ya takia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vifundo vya miguu vinene, na alivaa kandambili za kiume kwa sababu za kike hazikumwingia tena.

Mwantumu alimwambia kwamba kuanzia Ijumaa ijayo madumu hayatakuja.

Somoe aliuliza kama Afisi imepunguza. Akajibiwa hapana. Akauliza kama ameudhi mtu. Akajibiwa hapana, na ndipo Mwantumu akamweleza habari ya ulimi wake, na ya nyuzi, na ya mpunga. Kuhusu kifungu cha tisa hakusema neno. Alikuwa amekata shauri usiku kwamba atajitaja yeye tu.

Vidole vya Somoe viliendelea kusuka kwa muda, kisha vikakosea, akafumua.

“Uliniambia yanabaki.”

“Nilikuambia.”

“Kumbe ulikuwa unanipa yote.”

“Yote.”

“Miaka minne nakunywa, nakutania una maringo ya kuogea maji ya bomba.” Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. “Ningejua nisingeyagusa.”

“Ndiyo maana sikukuambia.”

“Basi hukunipa mimi,” Somoe alisema. “Mtu anayepewa huambiwa anachopewa. Wewe ulikuwa unajilimbikizia thawabu zako, mimi nikawa mtungi tu wa kuwekea.”

Maneno hayo yalimwingia Mwantumu, akayakubali kwa kichwa. Akamwomba radhi. Somoe hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alimwuliza kesho watu wanakutana langoni saa ngapi, akaambiwa saa mbili, akarudi kwenye ukili wake.

*

Jumatatu lilikuwa Fungu la 131. Mvua za juu zilinyesha siku nne mfululizo, mto ulipanda hadi mita za ujazo mia nne na ishirini kwa sekunde, na rangi yake ilikuwa ya udongo mwekundu. Mabwawa saba yalikuwa yamejaa hadi mdomoni. Kama makapi hayatatoka kwa fungu lile, Lusajo aliwaeleza mashahidi, itabidi kiwanda kizimwe, na mji ukae siku mbili au tatu bila maji matamu. Hakuwa anatisha mtu. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Nyuzi zilisoma mchanganyiko wa siku kuwa gramu sifuri nukta tisa nne. Chini ya mpaka.

Benchi lilijaa. Mtulia alikuwa mwisho, kijitabu chake gotini. Wanawake wa kijiji walikaa mbele, na Somoe kati yao, amejifunika khanga.

Mwantumu alinawa, akaipokea punje. Hakuiweka mdomoni. Aliirudisha kwenye kisosi, akafungua kipande cha khanga kando yake, akasema aliyoyasema kwa sauti ile ile aliyozoea kutumia kusema bismillahi. Alisema kwamba ulimi wake umezoea chumvi na hauijui tena. Kwamba nyuzi zimemfuata. Kwamba lita kumi za maji ya chini ya lango zina chumvi ya vijiko karibu vitano na si viwili, na hii hapa, anayetaka aipime. Kwamba mpunga wa watu umekufa kwa kinywa chake, na anaomba radhi kwao na kwa Mola wao.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

“Karatasi yako ilisema unywe maji matamu tu, mama,” alisema Lusajo.

“Ilisema.”

“Hukunywa?”

“Sikunywa.”

Lusajo aliivuta ile chumvi karibu yake. Alichukua chembe kwa ncha ya kidole kana kwamba kuiona hakutoshi. Kisha akafungua daftari lake. Alisema kwamba yeye binafsi anamwamini. Lakini sheria haikumwachia yeye nafasi ya kuamini. Sheria haijui sufuria. Ulimi ukifutwa, nyuzi ndizo zinazosema, na nyuzi zimesema kijani, na ikifika saa nne kamili ni lazima azungushe ufunguo, asipouzungusha yeye atazungusha mwingine atakayeletwa.

“Isipokuwa kifungu cha tisa,” Mtulia alisema kutoka mwisho wa benchi.

“Nakifahamu.” Lusajo alikisoma kwa sauti, polepole, ili wote wasikie: yeyote mkazi, kinywa chake, miaka mitatu, maji matamu. Akainua kichwa. “Mama, madumu yako alikunywa nani?”

Mwantumu alikuwa amelitazamia swali hilo, na bado lilimkuta. Mbele yake kulikuwa na mto uliojaa na watu elfu kadhaa walioko chini ambao hatawaona kamwe. Nyuma yake, hatua nne, kulikuwa na mtu mmoja ambaye alikuwa anaisikia pumzi yake. Alijaribu kuwapima. Alipofikiria watoto wa huko chini, jina lilimfika kwenye meno. Alipofikiria vifundo vile vya miguu, lilirudi. Akaona kwamba hata kunyamaza kwake ni kuchagua, na kwamba atakwenda kuulizwa juu ya wote, waliotajwa na wasiotajwa.

“Simtaji,” alisema.

“Shemeji,” Mtulia aliita, taratibu sana.

“Simtaji. Mniandike mimi.”

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tatu na nusu. Lusajo alishika kalamu lakini hakuandika. Ndipo benchi la mbele likalia, na kandambili za kiume zikasikika zikiburuta kwenye sementi.

Mwantumu aligeuka. “Somoe, kaa chini.”

“Jana hukuniambia hicho kifungu,” alisema Somoe.

“Kaa chini, mwenzangu. Nakuomba.”

“Umeniamulia miaka minne. Inatosha.”

Aliichukua punje kwenye kisosi, akaiosha kwenye maji ya moto ya birika, akaipuliza. Lusajo alimwuliza jina lake na umri wake, na kama ana maradhi yoyote. Somoe alitaja jina na umri. Kwenye maradhi alisema miguu, tena ni ya uzee. Hakuna aliyembishia, ingawa nusu ya wanawake pale waliwahi kumsindikiza hospitali. Mtulia alikuwa ametazama sakafu. Alikuwa ameziona kandambili na vifundo vilivyomo, na sasa alijua alichokuwa anakiomba.

Somoe akaiweka punje chini ya ulimi. Akanywa bilauri ya kwanza. Taa ikakaa kijani.

Ya pili alifika katikati, akasimama, uso umekunjamana. Taa iligeuka manjano. Akaimaliza.

Ya tatu aliipeleka mdomoni kwa mikono miwili. Kwa funda la kwanza tu taa ikawa nyekundu, na chini ya sakafu kufuli la lango likajifunga kwa kishindo kilichowafanya watu waliokaa wainue miguu. Alikuwa ameshamaliza kazi yake. Lakini sheria ilisema hadi tone la mwisho, naye alikunywa hadi tone la mwisho, akipumzika kila funda, na Mwantumu alimhesabia moyoni, mafunda saba, kila moja akitamani lingemshukia yeye.

Kwenye ukuta, tarakimu za nyuzi zilianza kusogea. Sifuri nukta tisa nne. Moja nukta moja. Moja nukta sita. Zilipanda kama mtu anayeamshwa usingizini, hazikusimama mpaka zilipofika mbili nukta tatu.

Hakuna aliyeshangilia. Lusajo aliandika kwamba Fungu la 131 limekataliwa. Alinyanyua simu, akawaambia watu wa kiwanda wazime, akaikata huku bado wanamfokea. Kisha akageuka kwa Somoe kwa heshima, akamweleza kwamba madumu mawili ya Ijumaa sasa ni yake kwa haki, kwa jina lake. Akamweleza pia kwamba nyuzi zitahitaji kumfuata masika yote mpaka zitulie, kila asubuhi, bilauri tatu, ila kama kuna sababu ya kiafya, hapo anaweza kukataa leo hii na hakuna atakayemlaumu.

“Sababu ipo,” alisema Mwantumu. “Injinia, andika kwamba ipo.”

Lusajo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kalamu yake ilingoja. Akakinyanyua kile kisosi cheupe, akamsogezea Somoe karibu na kidevu, ili aitoe punje kama hataki.

Somoe alikitazama kisosi. Akamtazama Mwantumu, kwa muda mrefu kuliko jana. Akafumba mdomo, punje ikiwa ndani, akajitanda khanga yake vizuri, akatoka nje kwenye mvua.